India ina watu zaidi ya bilioni moja, mbona tamasha kubwa la nyimbo mpya zisizo za filamu lilisubiri mpaka 2010?

#1 Msomi_wa_Pune
Wakuu, heshima kwenu.

Nilisoma Pune, jimbo la Maharashtra, 2009 hadi 2012. Waliopita kule wanajua, wanafunzi wa Afrika tulikuwa wengi mpaka muuza duka wa mtaani kwetu alishajifunza neno "ugali". Desemba 2010 Mhindi niliyekuwa napanga naye chumba akanikokota mpaka Koregaon Park kwenye kitu kinaitwa NH7 Weekender. Siku tatu, na ndiyo mara ya kwanza kinafanyika. Nilienda nikitarajia mastaa wa filamu na wacheza shoo hamsini nyuma yao. Sikuona hata mmoja. Jukwaa hili na lile, ni bendi za Kihindi zikipiga nyimbo walizotunga wenyewe. Wageni walikuwepo, Asian Dub Foundation wa London mmojawapo, lakini watu niliowaona wakiimbiwa neno kwa neno na umati walikuwa Indian Ocean wa Delhi.

Walioandaa ni kampuni ya Only Much Louder ya kijana Vijay Nair, akishirikiana na Mwingereza Stephen Budd.

Hoja yangu: nchi yenye muziki mwingi namna ile ilichelewa kupata tamasha kubwa la muziki mpya wa asili yake kwa sababu ya filamu. Filamu ilikula kila kitu. Anayebisha aje na hoja.

#2 Chapati_Maji
Nimekaa siti ya mbele. Nasubiri wajuvi.

#3 Baharia_wa_Muscat
Umeandika "muziki wa asili". Mimi nikadhani ngoma za vijijini. Kama ni hizo, Jodhpur wana tamasha ndani ya ngome ya Mehrangarh tangu 2007, Oktoba mwezi unapokuwa mpevu, wanapiga Walanga na Wamanganiyar wa jangwa la Rajasthan. Miaka mitatu kabla ya hilo lako.

#4 Msomi_wa_Pune
@Baharia_wa_Muscat samahani sheikh, Kiswahili kimeniponza. Sisemi muziki wa jadi. Nasema tungo mpya, mtu kakaa chumbani kwake kaandika wimbo wake, hakupewa na mtayarishaji wa filamu na hakukopi kwa Wazungu.

#5 Kinanda_Kimya
Mleta mada una nia nzuri ila historia umeikata kichwa.

Bombay kulikuwa na Independence Rock tangu 1986, uwanja wa Rang Bhavan. Delhi kulikuwa na Great Indian Rock, la watu wa jarida la Rock Street Journal lililoanzia Allahabad 1993. Na kabla ya wote hao, Kolkata 1975, Gautam Chattopadhyay na wenzake waliunda Mohiner Ghoraguli, wakaimba tungo zao wenyewe kwa Kibengali, na watu wakawaona vichaa. Kwa hiyo 2010 hakuna kilichozaliwa. Kilichobadilika ni ukubwa na mpangilio.

#6 Metali_Kisumu
Niaje wadau. @Kinanda_Kimya uko sawa, lakini ongeza hili: kwa miaka mingi kwenye hizo shoo za Bombay ukipanda jukwaani na wimbo wako mwenyewe unazomewa. Umati ulitaka kopi za Iron Maiden na Deep Purple. Hao watu wa Great Indian Rock ndio walisukuma bendi zilete nyimbo zao. Kwa hivyo adui wa kwanza hakuwa filamu. Alikuwa shabiki wa roki mwenyewe.

#7 Chapati_Maji
Kama bendi za hotelini kwetu. Piga wimbo wako uone watu wanavyokwenda msalani.

#8 Bi_Rukia_Mvita
Hamjambo nyote. Mimi ni shabiki wa nyimbo za filamu tangu mdogo, kwa hivyo nimekuja kutetea upande wangu.

Mwasema filamu "ilikula". Filamu haikumla mtu, ililisha. Nani alikuwa akimlipa mpiga fidla wa Goa, mpiga tabla, mtunzi wa Kiurdu, waimbaji wa kwaya, wote kwa pamoja? Studio za filamu Bombay. Okestra nzima zilikula mkate kule. Mtoe filamu, hao wangekwenda wapi?

#9 Kinanda_Kimya
@Bi_Rukia_Mvita shikamoo bibie. Hapo una hoja, na kuna kisa kinachokuunga mkono. Mwaka 1952 B. V. Keskar alipopewa wizara ya habari na utangazaji, alizibana nyimbo za filamu kwenye redio ya taifa akisema zinaharibu watu. Alitaka wasikilize muziki wa kikale na nyimbo nyepesi zilizotungwa studio za redio. Yaani serikali nzima ilijaribu kufanya anachokitaka mleta mada, nyimbo mpya zisizo za filamu, kwa amri. Kilichotokea? Wasikilizaji walizungusha kitufe cha redio wakahamia Radio Ceylon (Sri Lanka ya leo), kwa Ameen Sayani na kipindi chake cha nyimbo kumi na kitu za wiki. Mwaka 1957 redio ya taifa ikasalimu amri, ikaanzisha Vividh Bharati ya burudani.

#10 Bi_Rukia_Mvita
Marahaba. Ameen Sayani! Baba alikuwa akimkamata kwa masafa mafupi huku Mombasa, waya umefungwa kwenye mwembe. Hatujui Kihindi lakini "behno aur bhaiyo", yaani dada na kaka zangu, twaijua.

#11 Mkaguzi_wa_Hesabu
Mnaongea sanaa. Mimi nifuate hela.

Tamasha la siku tatu haliendeshwi na tiketi za wanafunzi. Linaendeshwa na mdhamini. Mdhamini mkuu wa hilo la Pune miaka ile alikuwa nani? Bacardi, mpaka jina likawa Bacardi NH7 Weekender. Na kwa nini kampuni ya pombe imwage hela kwa vijana wanaopiga magitaa? Kwa sababu India tangazo la pombe kwenye televisheni limepigwa marufuku kwa marekebisho ya kanuni za kebo ya mwaka 2000. Wana bajeti ya matangazo na hawana pa kuiweka. Ndiyo maana utaona chapa za pombe kule zinatoa "CD za muziki", "soda", "maji", kalenda, chochote kinachobeba jina. Tamasha ni tangazo la siku tatu ambalo hakuna wa kulipiga marufuku.

Kwa hiyo jibu la "kwa nini 2010" ni: ilifika siku pombe ikagundua bendi.

#12 Metali_Kisumu
Hii ya pombe imenigonga.

#13 Msomi_wa_Pune
@Mkaguzi_wa_Hesabu sikatai hela ya Bacardi. Ila jua kwamba Maharashtra pombe kali ni mpaka ufikishe miaka 25. Bia ni 21. Pale uwanjani robo tatu yetu tulikuwa wanafunzi. Walikuwa wanamtangazia nani?

#14 Mkaguzi_wa_Hesabu
Walikuwa wanamtangazia mtu atakayefikisha 25 miaka minne baadaye. Biashara haina haraka.

#15 Chapati_Maji
Msomi tuambie kwanza wewe ulikuwa unakunywa nini.

#16 Msomi_wa_Pune
Maji ya ndimu mkuu. Mzee wangu yumo humu jukwaani.

#17 Mhindi_wa_Kisutu
Habari zenu. Mimi ni Mtanzania, Mgujarati, babu alikuja Dar kwa jahazi. Nimecheka niliposoma #11.

Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lilipoundwa 1960. Na Gujarat ndiko kuna mikusanyiko mikubwa ya muziki kuliko hiyo ya Pune: garba, siku tisa za Navratri. Uwanja mmoja tu Vadodara unajaza makumi ya maelfu ya watu wanaocheza kwa duara, bendi katikati, spika pande zote. UNESCO waliiorodhesha 2023. Tone la pombe hakuna. Wadhamini ni benki, wauza saruji, wauza vitenge, sijui nani. Kwa hiyo nadharia ya pombe inakufa mpakani mwa jimbo.

#18 Mkaguzi_wa_Hesabu
Garba ni ibada. Mungu wa kike akishakuwa mwenyeji huhitaji Bacardi. Leta mfano wa tungo mpya.

#19 Mhindi_wa_Kisutu
Falguni Pathak. Miaka ya 1990 alitoa nyimbo zake mpya, si za filamu, zikapigwa kwenye televisheni kila saa, na mpaka leo ndiye malkia wa garba. Wimbo mpya uliingia ndani ya ibada. Bado hujajibu.

#20 Bi_Rukia_Mvita
Ahsante mwanangu kwa kumtaja. Watu wamesahau kwamba miaka ya 1990 kulikuwa na wimbi zima: Alisha Chinai 1995, Daler Mehndi, Lucky Ali, Colonial Cousins, bendi ya Euphoria. Si filamu hata moja. Channel V iliingia 1994, MTV ikafuata 1996, wakahitaji video za kujaza saa ishirini na nne. Hapo ndipo vijana wakapata mlango.

Kisha watayarishaji wa filamu wakaamka. Wakaanza kulipia vipande vya filamu zao vipigwe kama video. Stesheni ikichagua kati ya msanii anayeomba nafasi na filamu inayolipa nafasi, yajulikana atakayepita. Kufika 2003 hivi, wimbi limekauka. Kwa hivyo, Msomi, hapa nakupa nusu ya hoja yako. Filamu ilikula, lakini ilikula kwa risiti.

#21 Kinanda_Kimya
Hii #20 ndiyo maelezo niliyoyasikia kwa Wahindi wenyewe mara nyingi. Ila hata wimbi hilo halikuwa la majukwaani. Alisha aliuza kaseti. Bendi inayosafiri na vyombo vyake ikapiga saa moja na nusu bila kukosea ni mnyama mwingine.

#22 Fundi_Mitambo_Ilala
Natoka kazini, nimesoma kwa kuruka. Nyote mmeacha jambo moja: sauti.

Nafunga mitambo ya shoo, miaka kumi na sita sasa. Nilifanya na mafundi wa Kihindi kwenye shoo moja hapa Dar na wakanieleza ya kwao. India kuna kanuni za kelele za mwaka 2000. Kipaza sauti uwanja wa wazi ni marufuku kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Jimbo linaweza kuongeza mpaka saa 6 usiku, lakini kwa siku zisizozidi 15 kwa mwaka mzima, na siku hizo wanazigombania watu wa sikukuu za dini. Polisi wanakuja na saa mkononi.

Sasa piga hesabu. Una bendi thelathini na kitu kwa siku tatu. Jua linazama saa 12. Huwezi kukesha kama sisi. Lazima uanze saa 9 alasiri na ujenge majukwaa manne au matano yanayopiga kwa wakati mmoja. Hapo unapata tatizo jipya: besi ya jukwaa la metali inaingia kwa dada anayeimba na gitaa kavu. Inabidi uyageuze majukwaa yasitazamane, upange spika za kuchelewesha sauti nyuma ya umati, na bendi moja ikipiga, ya jukwaa la jirani iwe inajipima kwa vipokea sauti vya masikioni. Kila jukwaa na jenereta lake na la akiba. Umeme wa gridi haugusi mtu.

Kwa hiyo mtu akisema "mbona hawakufanya 1990", mimi namuuliza 1990 mafundi wa kuendesha majukwaa matano kwa siku tatu wangewatoa wapi? Wenye mitambo walikuwa wa harusi na wa mikutano ya siasa. Wenye ujuzi wa bendi laivu wamekuja kuongezeka baadaye, na hao waandaaji wa Pune walikuwa wameshazungusha bendi klabu kwa klabu miaka kadhaa. Tamasha halianzi na tamasha.

#23 Metali_Kisumu
Fundi, hii ndiyo post ya mwaka. Na Rang Bhavan ya Bombay iliyotajwa #5 ilikufa kwa kelele hizo hizo, ikahesabiwa ni eneo la ukimya. Kwa hivyo kanuni ilifunga mlango Bombay, watu wakahamia Pune, saa tatu nne kwa barabara.

#24 Fundi_Mitambo_Ilala
Na siku promota akikuambia atakulipa Jumatatu baada ya shoo ya Jumapili, uliza Jumatatu ya mwezi gani. Kuna mmoja hapa mjini bado namdai tangu 2017. Niishie hapo.

#25 Baharia_wa_Muscat
Pune si bahati mbaya jamani. Mji ule umezoea kukaa uwanjani usiku wa Desemba. Tamasha la Sawai Gandharva lilianzishwa na Bhimsen Joshi 1953 kumkumbuka mwalimu wake, na wazee wanakuja na blanketi na chupa za chai kusikiliza raga, muziki wa kikale. Vijana wa Pune walikulia kwenye mapaja ya wazazi wao pale. Desemba hiyo hiyo, mji huo huo. Mvua hakuna, baridi kidogo, vyuo vimejaa. Ukitaka kujua kwa nini Pune, anza hapo.

#26 Kinanda_Kimya
Hii sikuwa nimeiunganisha. Ahsante sheikh.

#27 Chapati_Maji
Ngoja niwachangamshe. Mnajua mwanamuziki mkubwa kuliko wote aliyewahi kuanzia maeneo hayo ni Mzanzibari? Farrokh Bulsara, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, kilomita mia hivi kutoka Pune. Huko ndiko aliunda bendi yake ya kwanza ya shule, The Hectics. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury.

#28 Mkaguzi_wa_Hesabu
Na walikuwa wanapiga nini? Kopi za roki ya Wazungu. Hoja ya #6 imethibitika.

#29 Chapati_Maji
Wewe huna roho.

#30 Mtanzania_Chennai
Salaam. Niko Chennai mwaka wa tatu. Nimesoma uzi wote na kuna harufu fulani naisikia. Koregaon Park ni mtaa wa wenye nazo. Bendi nyingi mlizotaja, ukiondoa chache, ni watoto wa vyuo vizuri wanaoimba Kiingereza au Kihindi safi. Nani kasema huo ndio "muziki mpya wa India"?

Huku Desemba mpaka Januari ni msimu wa Margazhi. Kumbi zote za kifahari zinajaa muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa kikale wa kusini, na kwa kiasi kikubwa ni wa Wabramini, tabaka la juu. Mwaka 2015 T. M. Krishna, yeye mwenyewe bingwa wa Karnatiki, akasaidia kuanzisha tamasha ndani ya kijiji cha wavuvi, Urur-Olcott Kuppam, upande huu mitaa ya matajiri, upande ule nyavu na samaki. Januari 2018 mwongozaji Pa. Ranjith akatoa kundi la Casteless Collective, watu kumi na tisa, gaana ya mitaa ya kaskazini mwa Chennai ikichanganywa na roki na kufoka, wakiimba waziwazi juu ya matabaka. Desemba 2020 taasisi yake ikaanzisha Margazhiyil Makkalisai, yaani muziki wa watu katika msimu ule ule wa mabwana. Ngoma ya parai, iliyokuwa inanyanyapaliwa kwa sababu wapigaji wake ni Wadaliti, watu wa tabaka la chini kabisa, na inapigwa misibani, ikapanda jukwaani katikati.

Hizo ni tungo mpya, si za filamu, na umati upo. Ila hazimo kwenye hesabu ya mleta mada kwa sababu hazina Bacardi wala Mwingereza.

#31 Msomi_wa_Pune
@Mtanzania_Chennai nakubali kipigo, kwa heshima. Ila Ranjith ni mwongozaji wa filamu. Jina na sauti yake vimetoka kwenye filamu. Hata huko filamu ipo mlangoni.

#32 Mtanzania_Chennai
Ni kweli, na ndiyo maana sikuweka nukta. Filamu kule si adui wala rafiki. Ni kama mvua.

#33 Metali_Kisumu
Hata roki yenyewe. Vishal Dadlani ni mwimbaji wa Pentagram, bendi kubwa ya Bombay, na huyo huyo ni nusu ya Vishal–Shekhar wanaotunga nyimbo za filamu. Mchana anapika pilau ya Bollywood, usiku anapiga kelele na bendi. Nani anamlisha nani?

#34 Bi_Rukia_Mvita
Nilisema #8. Mlinicheka.

#35 Metali_Kisumu
Hakuna aliyekucheka mama. Na kwa wanaosema vijana wamebadilika kwa sababu ya intaneti: bando la bei ya chini la kampuni ya simu ya Jio lilikuja 2016. Lilisaidia wafokaji wa Bombay kina Divine, likasaidia Bloodywood wa Delhi mpaka wakapiga tamasha la metali la Wacken, Ujerumani, 2019. Lakini haliwezi kueleza 2010. Tusichanganye miaka.

#36 Mkaguzi_wa_Hesabu
Nyongeza ya upande wa sheria. Mwaka 2012 sheria ya hakimiliki ilirekebishwa, mshairi Javed Akhtar akiwa mstari wa mbele bungeni. Tangu hapo mtunzi wa maneno na wa muziki hawawezi kusaini kuacha fungu lao la mrabaha, hata wimbo ukiwa wa filamu. Kabla yake, mtayarishaji alinunua wimbo jumla kama gunia la mchele. Mtunzi aliyekuwa na akili alikuwa na sababu moja ya kukimbilia bendi: angalau wimbo unabaki wake. Sheria ilipobadilika, sababu hiyo ikapungua nguvu. Wanaodhani sheria ilisaidia matamasha wafikirie mara mbili.

#37 Kinanda_Kimya
Sikubaliani. Bendi haikuwa inaishi kwa mrabaha hata siku moja. Ilikuwa inaishi kwa malipo ya shoo.

#38 Mkaguzi_wa_Hesabu
Basi tumerudi kwa Bacardi.

#39 Baharia_wa_Muscat
Kaskazini mashariki mmewasahau kabisa. Nagaland, serikali ya jimbo yenyewe ndiyo mwenye Hornbill, kila mwaka tangu 2000, siku hizi Desemba 1 hadi 10, kijiji cha Kisama, ngoma za makabila mchana na roki usiku. Na Ziro huko Arunachal Pradesh, tangu 2012, lilianzishwa na Bobby Hano mwenyeji wa kule na Anup Kutty, mpiga gitaa wa bendi ya Menwhopause ya Delhi. Bonde la Waapatani, mashamba ya mpunga, majukwaa yanajengwa kwa mianzi na wanakijiji, Septemba mwishoni mvua bado ipo na tope linafika kwenye mashavu ya miguu. Hata Mhindi wa jimbo lingine anahitaji kibali cha kuingia. Hakuna mtaa wa kitajiri pale wala studio ya filamu. Na watu wanasafiri siku mbili kwenda kusikiliza bendi wasizozijua.

Kama Ziro limewezekana, nadharia zote za juu zina matundu.

#40 Fundi_Mitambo_Ilala
Majukwaa ya mianzi na tope? Jenereta linapandaje huko?

#41 Baharia_wa_Muscat
Kwa lori, taratibu, na dua.

#42 Metali_Kisumu
Na Shillong, Lou Majaw anafanya shoo ya siku ya kuzaliwa ya Bob Dylan kila Mei 24 tangu 1972. Nusu karne ya kopi za mtu mmoja! Halafu mji huo huo umetoa bendi za tungo zake, na Weekender ikapiga hodi Meghalaya 2015. Kopi na tungo mpya zinakaa nyumba moja, nafuta nusu ya nilichosema #6.

#43 Mhindi_wa_Kisutu
Kuna watu mmewaacha, na wanatuhusu. Wasidi wa Gujarat, asili yao Afrika, wako wilaya ya Bharuch na kwingineko. Kwenye kaburi la walii wao Bava Gor, Ratanpur, wanapiga ngoma waiitayo mugarman, na malunga, upinde wenye kibuyu. Kundi lao moja, Sidi Goma, limezunguka Ulaya na Marekani. Sikilizeni hilo jina: Goma.

Nilichojiuliza ni hiki. Wasidi wakialikwa kwenye tamasha wanawekwa upande wa "jadi". Msidi mwenye miaka ishirini akitunga wimbo mpya kesho, ataingia jukwaa lipi?

#44 Bi_Rukia_Mvita
Na taarabu yetu iliyochukua mahadhi ya filamu za Kihindi ikatia maneno ya Kiswahili, ni kopi au tungo mpya? Jibuni hilo kabla ya kuwahukumu Wahindi. Mama yangu alikuwa akilia kwa nyimbo zile, na kilio hakikuwa kopi.

#45 Chapati_Maji
Bibie umetuua. Nafunga mjadala.

#46 Msomi_wa_Pune
Usifunge, uzi ni wangu. Ahsanteni wote. Nilikuja na sababu moja nimeondoka na saba: filamu, stesheni za televisheni, mashabiki wa kopi, pombe, mafundi, saa 4 ya usiku, na wazee wa raga wenye chupa za chai. Bado naegemea filamu lakini si kwa kujiamini kama jana.

Jambo moja niongeze, maana Fundi kanikumbusha. Usiku wa mwisho 2010 nilishangaa bendi zinaisha mapema vile, mimi wa Tanga nimezoea shoo inaanza saa 6. Nilimuuliza mwenzangu kulikoni. Akasema "polisi". Nikadhani kuna fujo, nikakimbilia geti. Ndiyo kwanza leo nimeelewa.

#47 Fundi_Mitambo_Ilala
😂😂 Miaka yote hii unaamini kulikuwa na fujo.

#48 Mkaguzi_wa_Hesabu
Tamasha kubwa lenyewe nalo linauzwa siku hizi. Mwaka 2021 Nodwin, watu wa michezo ya kompyuta, walinunua Weekender. Kwa hiyo sababu ya nane iandikwe hapo: sasa ni vijana wa gemu ndio wanaoshika funguo. Mtanieleza baada ya miaka kumi.

#49 Mhindi_wa_Kisutu
Wadau, nimempigia shangazi Rajkot, ana miaka 71, nimemuuliza kama amewahi kuisikia bendi ya Indian Ocean. Ameniuliza, "Ni ya filamu gani?"

#50 Kinanda_Kimya
Mwambie shangazi filamu walizozitungia muziki ziko zaidi ya moja.